St. Joseph, Azania Front au St. Alban: kanisa kuu lipi litakufaa pale mjini?

Anayeuliza "kanisa kuu lipi ni zuri pale mjini" mara nyingi anauliza habari za picha za harusi. Si vibaya. Makanisa makuu matatu ya katikati ya Dar es Salaam yanapendeza kweli, na yote unaweza kuyazungukia kwa miguu asubuhi moja. St. Joseph la Wakatoliki linatazama bandari, karibu na boti za Zanzibar. Azania Front la KKKT, yaani Walutheri, liko mwendo wa dakika chache ukifuata ufukwe kuelekea Kivukoni. St. Alban la Waanglikana unalipata ukipanda juu upande wa Posta Mpya na Maktaba Kuu.

Lakini picha zinapigwa siku moja zikaisha. Ukishabatiza, kuoa au kujiandikisha mahali, umeingia kwenye nyumba yenye taratibu zake, na taratibu za nyumba hizi tatu hazifanani. Jambo linalozitofautisha zaidi si mnara wala vioo vya rangi. Ni kiti cha askofu: kina uzito gani mle ndani, na nani hasa mwenye kanisa. Nimeyalinganisha kwa kipimo hicho, kwa ajili ya mtu anayetaka kuamua pa kusali, pa kufunga ndoa, au pa kumpeleka mgeni.

Kiti kwanza, mnara baadaye

Kanisa haliitwi kuu kwa sababu ni kubwa. Huko pembezoni mwa jiji yapo makanisa mapya yanayobeba watu wengi kuliko haya ya mjini, na hayaitwi makuu. Sifa inatokana na kiti cha askofu wa eneo lile, anachokalia akifundisha na kuongoza ibada kama mchungaji wa wote. Hata Roma ni hivyo hivyo. Kanisa kuu la Papa, kwa kuwa yeye ni Askofu wa Roma, si lile la Mtakatifu Petro pale Vatikano tunaloliona kwenye televisheni kila Krismasi, bali ni la Mtakatifu Yohane, Laterano. Wakatoliki duniani kote huadhimisha kutabarukiwa kwake tarehe 9 Novemba.

Ndiyo maana baadhi ya madhehebu hayana kanisa kuu kabisa, na wala hayajapungukiwa. Wasabato hawana maaskofu. Viongozi wao wanachaguliwa kwa vipindi. Wamoraviani wanaye askofu, ila kwao askofu ni mlezi wa kiroho, na uendeshaji wa jimbo uko kwa sinodi na halmashauri yenye mwenyekiti wake. Kwa Wapentekoste cheo cha askofu kimeenea, lakini kinamfuata mtu na huduma yake kuliko kinavyokaa kwenye jengo. Waorthodoksi wa hapa wako chini ya Patriarki wa Aleksandria, na askofu wao anabeba cheo cha Irinoupolis, ndilo jina la Dar kwa Kigiriki. Kwao kiti cha askofu unaweza kukikuta hata katika kanisa la kawaida, upande wa kulia mbele ya ukuta wa ikoni, kikimsubiri siku atakayokuja. Ukiwa mmoja wa hao, uamuzi wako ni mwingine. Huu wa leo unawahusu Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana, pamoja na wale wanaooana kati yao, ambao Dar ni wengi.

St. Joseph: hapa kiti ndicho kila kitu

Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, walifika pwani hii mwaka 1888 wakaanzia Pugu. Januari 1889, vita vya Abushiri vikiwa vimepamba moto, misheni ya Pugu ilivamiwa na baadhi yao wakauawa. Walipoanza upya walisogea mjini, ambapo serikali ya Wajerumani ilikuwa imehamishia makao yake kutoka Bagamoyo. Ujenzi wa kanisa ulianza 1897 ukakamilika 1902, na likatabarukiwa 1905. Mwaka huo wa 1902 Padre Cassian Spiss alipewa daraja la uaskofu. Agosti 1905, akiwa safarini kuelekea kusini wakati Maji Maji imeshawaka, aliuawa pamoja na wenzake karibu na Liwale. Uaskofu wa Dar ulianza na msiba, na hilo wengi wanaopiga picha ngazini hawalijui.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari Wajerumani waliondolewa, na Wakapuchini wa Uswisi wakachukua kazi. Mmoja wao, Edgar Maranta, ndiye aliyekuwa kitini Dar ilipopandishwa kuwa jimbo kuu mwaka 1953. Akafuata Laurean Rugambwa, ambaye tayari alikuwa kardinali tangu 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kufikia cheo hicho. Kisha Polycarp Pengo kuanzia 1992, na Jude Thaddaeus Ruwa'ichi tangu 2019. Mlolongo huo si mapambo ya historia. Kwa Mkatoliki, askofu anashika nafasi ya mitume, na kiti ni alama ya jambo hilo. Askofu mpya anaposimikwa, anapokelewa kanisa kuu na kukalishwa kitini. Askofu akifariki au akistaafu kabla mwingine hajapatikana, kiti hubaki wazi, na padre anayeongoza Misa hukalia kiti kingine pembeni, hata awe padre mzee kuliko wote jimboni.

Mwaka mzima una siku moja ambayo nguvu ya kiti inaonekana wazi: Misa ya Krisma, Juma Kuu au siku za karibu na Pasaka. Mapadre wa jimbo wanamzunguka askofu wao, wanarudia ahadi zao za upadre, na yeye anabariki mafuta ya wagonjwa na ya wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa), kisha anayaweka wakfu mafuta ya Krisma. Mafuta hayo yanasambazwa parokia zote. Kwa hiyo mtoto anayebatizwa Tegeta au Kigamboni anapakwa mafuta yaliyotoka mikononi mwa askofu, hata kama wazazi wake hawajawahi kukanyaga St. Joseph. Wazazi wanaohangaika kupata nafasi ya ubatizo mjini "ili iwe karibu na askofu" wafikirie hilo kabla ya kulipia usafiri wa ukoo mzima.

Kipaimara vilevile: mtoaji wake wa kawaida ni askofu, na ndiye anayezunguka parokiani kuwafuata watoto. Hawaletwi wao mjini.

Jambo moja linachanganya wageni. Askofu Mkuu wa Dar si mkuu wa Wakatoliki wote wa Tanzania. Kila askofu anasimamia jimbo lake na kuwajibika kwa Papa. Baraza la Maaskofu, TEC, lina mwenyekiti anayechaguliwa na maaskofu wenyewe, na anaweza kutoka jimbo lolote. St. Joseph ni mama wa makanisa ya Dar, basi. Mbeya wana mama yao na Songea wana wao.

Kwa ndani, hili ndilo zuri kuliko yote matatu, sitaki kuzungukazunguka. Ni kazi ya Kigothiki: matao yenye ncha, dari ndefu, vioo vya rangi nyuma ya altare. Dari ya namna hiyo inarudisha sauti. Kwaya iliyofundishwa vizuri inapata faida maradufu. Msomaji wa somo la pili anayekimbiza maneno, hapana.

Azania Front: wenyewe ni usharika

Walutheri wangeweza kuishi bila kanisa kuu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko lao la imani, katika kifungu cha saba, linasema umoja wa kweli wa Kanisa unatosha kwa Injili kuhubiriwa kwa usahihi na sakramenti kutolewa ipasavyo. Taratibu zilizowekwa na wanadamu hazina lazima ya kufanana kila mahali. Kiti cha askofu kinaangukia kwenye hizo taratibu. Ni chema na kinasaidia, ila wokovu hautegemei kiti. Uswidi ilibaki na maaskofu na kanisa kuu la Uppsala. Walutheri wengine waliongozwa na marais na sinodi, na wote walibaki Walutheri.

Ukijua hivyo, historia ya KKKT inasomeka vizuri zaidi. Mwaka 1963 makanisa saba yaliungana kuunda kanisa moja, na si yote yaliyokuwa na desturi moja ya uongozi. Moja lilikuwa la Uzaramo-Uluguru, ambamo ndimo ilimotoka Dayosisi ya Mashariki na Pwani yenye makao yake Azania Front. Jengo ni la zamani kuliko muungano huo kwa zaidi ya miaka 60. Wamisionari kutoka Berlin walikuwa Dar tangu 1887, na kanisa lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1900, kuta nyeupe, vigae vyekundu, na vijipaa vya vigae juu ya madirisha kukinga jua. Ukiwa kwenye boti unaingia bandarini, mnara wake ndio unaokupokea. Kwa nje, basi, linalipiku St. Joseph. Kwa ndani ni la kiasi, na Walutheri wengi watakwambia ndivyo inavyotakiwa.

Mwenye kanisa hapa ni nani? Usharika. Azania Front ina mchungaji kiongozi, ina baraza la wazee, ina kamati na bajeti yake, kama usharika wa Kijitonyama au wa Mbezi Beach. Askofu ana heshima yake ya pekee pale; anahubiri siku kubwa, anabariki wachungaji wapya, na mambo ya dayosisi nzima hufanyika pale. Ila chombo cha juu cha dayosisi ni mkutano mkuu, ambamo walei wana kura. Mkatoliki anayezoea kusikia "Baba Askofu ameamua" akikaa kwenye vikao vya KKKT atashangaa jinsi mzee wa kanisa, fundi magari au mhasibu, anavyoweza kusimama na kuuliza hesabu.

Hata cheo cha juu hakina jengo lake. Mkuu wa KKKT huchaguliwa miongoni mwa maaskofu wa dayosisi na anaendelea na dayosisi yake. Alex Malasusa wa Mashariki na Pwani alikuwa Mkuu kuanzia 2007 hadi 2015, akafuata Fredrick Shoo wa Kaskazini, Moshi, kisha Malasusa akachaguliwa tena mwaka 2023. Ofisi kuu ya kanisa haikutikisika, iko Arusha miaka yote. Kwa hiyo akisema mtu kwamba Azania Front ni "makao makuu ya Walutheri Tanzania", msahihishe taratibu.

Tofauti inayogusa familia: kipaimara cha KKKT hutolewa na mchungaji, baada ya mafundisho yasiyo mafupi. Kijana anaweza kukua, kubarikiwa, kuoa na kuzika wazazi wake bila kuwahi kupiga magoti mbele ya askofu, na hakuna anayemwona amepungukiwa. Mchungaji huyo anaweza kuwa mwanamke. Dayosisi ya Mashariki na Pwani inabariki wachungaji wanawake; kwa Wakatoliki daraja hiyo haipo; kwa Waanglikana wa Tanzania kila dayosisi imeamua yake.

Ukitaka kuliona kanisa hili likiwa katika ubora wake, usiende kwenye harusi. Nenda siku za Matengenezo ya Kanisa, kuelekea tarehe 31 Oktoba, wanapoimba "Mungu wetu ndiye boma" kwa sauti nne, au nenda Krismasi. Muziki ndio utajiri wao. Kwaya za KKKT na matarumbeta yake ni urithi wa misheni za Kijerumani uliokwisha kuwa wa Kiswahili kabisa, kiasi kwamba siku hizi matarumbeta yale yale yanawatoa maharusi kanisani na kuwasindikiza barabarani hadi bodaboda zinapisha.

St. Alban: nyumba iliyotoka Zanzibar

Hili ndilo linalosahaulika, na ndilo lenye hadithi ndefu zaidi. Ukilitazama kwa makini utaona linafanana na kanisa la Mkunazini, Unguja. Haikutokea kwa bahati. Waanglikana wa Dar walikuwa chini ya askofu wa Zanzibar hadi mwaka 1965, dayosisi ya Dar es Salaam ilipoanzishwa na John Sepeku akawa askofu wake. Mwaka 1970 Tanzania ikawa jimbo linalojitegemea katika ushirika wa Kianglikana duniani, na Sepeku akawa askofu mkuu wa kwanza.

Lile la Mkunazini lina uzito ambao jengo lolote la Dar halina. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana la Uingereza, wakaanza kujenga pale pale sokoni. Askofu Edward Steere ndiye aliyelisimamia hadi likasimama, huku akitafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Alifariki 1882 na kaburi lake liko nyuma ya altare. Nguzo fupi za karibu na mlango zimesimama kichwa chini, na wenyeji husimulia kwamba mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa safarini.

Sasa, kwa nini urithi wa UMCA umsumbue mtu anayechagua kanisa leo? Kwa sababu Waanglikana wa Tanzania wana nyumba mbili zilizolelewa tofauti. Upande wa pwani, Tanga, Masasi na Zanzibar walilelewa na UMCA, waliopenda mavazi rasmi, uvumba, ishara ya msalaba, na kumwita kasisi "Padre". Upande wa Dodoma, Morogoro na Kanda ya Ziwa walilelewa na CMS, shirika jingine la Kianglikana, waliotia mkazo mahubiri na wongofu, na walioogopa chochote kinachonukia Roma. Mwanglikana wa Dodoma akiingia kanisa la malezi ya UMCA anaweza kudhani amekosea mlango, wakati Mkatoliki anayemsindikiza rafiki yake anajua kila mahali pa kupiga magoti. Dar, kwa kuwa watu wametoka kila upande, inakutana na yote mawili. Nenda Jumapili moja ukasikilize kabla ya kujiandikisha.

Kiti cha askofu kwa Waanglikana kinakaa kati ya majirani zake wawili. Uaskofu ni wa kurithishana kama kwa Wakatoliki, na kipaimara hutolewa na askofu peke yake. Lakini askofu anachaguliwa hapa hapa nchini, na sinodi ina nyumba za makasisi na walei zenye sauti. Askofu mkuu naye huchaguliwa kutoka miongoni mwa maaskofu wa dayosisi, na kiti cha uaskofu mkuu humfuata anakotoka. Maimbo Mndolwa, aliyeshika nafasi hiyo mwaka 2018, ni wa Tanga.

Kwa ukubwa wa sherehe, St. Alban hushindwa na yale mawili. Kwa utulivu, hapana. Anayetaka liturujia ya Kitabu cha Sala, isiyo na haraka, na kanisa lisilogeuzwa kituo cha watalii wanaosubiri boti, aanzie hapa.

Unafunga ndoa? Anza na barua, siyo ukumbi

Hapa ndipo watu wanapoumia, hivyo nitakaa kidogo. Makanisa yote matatu yanapokea ndoa za watu wasio wa usharika au parokia yake, lakini hakuna hata moja linalokupokea mikono mitupu. Kanuni za Wakatoliki zinataka ndoa ifungwe katika parokia ya mmoja wa wanaooana, kuifungia St. Joseph unahitaji ruhusa ya paroko wako. Na paroko wako, kabla ya kuandika, atauliza jumuiya yako ndogo ndogo. Kama mwenyekiti wa jumuiya hakujui, hapo safari imeanza upya. KKKT na Waanglikana nao wanataka utambulisho kutoka kwa mchungaji au kasisi wako, na mafundisho ya ndoa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla. Makanisa hulitimiza hilo kwa matangazo ya Jumapili tatu mfululizo. Kwa hiyo aliyelipia ukumbi wa Jumamosi ya tarehe fulani, akaenda kanisani wiki mbili kabla, tatizo lake halitatuliwi na kanisa lolote kati ya haya. Kamati ya harusi ina kawaida ya kuhesabu michango kwanza na kuikumbuka barua mwishoni. Geuzeni.

Ndoa ya Mkatoliki na Mlutheri au Mwanglikana ina hatua ya ziada upande wa Katoliki. Ikifungwa St. Joseph, au parokia yoyote, inahitaji kibali cha askofu, na upande wa Katoliki unaahidi kuilinda imani yake na kujitahidi watoto wabatizwe Katoliki; mwenzake anajulishwa ahadi hiyo, haapishwi. Mkitaka ifungwe Azania Front au St. Alban, Mkatoliki anahitaji kibali kingine zaidi, cha kuondolewa sharti la kufungia ndoa mbele ya padre wake. Bila hicho ndoa itakuwa halali serikalini, lakini parokiani kwake itahesabika haipo, na baada ya miaka mitano, siku ya kupokea Komunyo, mambo yanaibuka. Kibali kinaombwa kupitia paroko. Hakiombwi kwa msaidizi wa ofisi ya kanisa kuu, hata kama ni shemeji yako.

Ushauri wangu kwa wachumba wa mseto ni huu: kama ukoo wa upande mmoja ni mkali na wa pili hauna neno, fungeni kwa wale wakali. Kama wote ni wakali, St. Joseph inahitaji karatasi chache kuliko kumtoa Mkatoliki nje. Katika Misa ya ndoa, wageni wasio Wakatoliki hawapokei Komunyo. Kwa kawaida hilo halisemwi vizuri, watu wanapanga foleni halafu wanaaibika. Mshehereshaji wa familia awaambie mapema. Wachumba wengi wa mseto huchagua adhimisho la ndoa lisilo na Misa, na aibu hiyo haitokei.

Umehamia Dar na unatafuta pa kusali

Kama unaishi Kimara, Mbagala, Bunju au Chanika, usijiandikishe kanisa kuu lolote kwa sababu ya jina. Maisha ya Mkristo wa Dar yanakaa mtaani: jumuiya ya Jumamosi asubuhi kwa Wakatoliki, ibada za nyumba kwa nyumba kwa KKKT na Waanglikana. Ukifiwa saa nane usiku, watakaokuja na mabenchi na sufuria ni hao. Katikati ya mji wakazi wamepungua, maofisi yamejaa, na jumuiya za mjini nyingi ni za watu wanaokutana wakitoka mbali. Hata kwa wakubwa imekuwa hivyo: Rais Magufuli alipofariki Machi 2021, Misa ya kumwombea Dar, kabla ya mwili kupelekwa Uwanja wa Uhuru, ilifanyika parokia ya Mtakatifu Petro, Oysterbay. Haikuwa kanisa kuu, na hakuna aliyesema heshima imepungua.

Anayefanya kazi Posta ni mtu mwingine. Kwake makanisa haya ni mali. St. Joseph ina Misa siku za kazi, na sharika za KKKT za mjini zimezoea ibada fupi za alfajiri na za mchana zinazowapata wafanyakazi kabla ya foleni au katikati ya mapumziko ya chakula. Anaweza kuwa mwana parokia wa Kimara na msali wa mchana wa Azania Front, na dhamiri yake ikatulia. Anayetafuta ibada ya Kiingereza kwa ajili ya mgeni naye aulizie mjini kwanza, ratiba zinabadilika.

Na mgeni anayetaka kuona tu

Siku ya kazi, asubuhi. Anza St. Joseph jua likiwa bado upande wa mashariki, ingia, kaa dakika kumi bila simu. Tembea hadi Azania Front, ulitazame kutoka upande wa maji kwanza. Malizia St. Alban. Mabega yafunikwe, kofia ivuliwe kwa wanaume, na ukikuta msiba au ibada usipige picha hata ya mbali; ukikuta mlango umefungwa, ofisi ya usharika au parokia iko pembeni na kwa kawaida mtu anakufungulia ukieleza shida yako.

Lakini kama mgeni wako ana siku nzima na anachotaka ni historia, ninyi wawili pandeni boti ya asubuhi mkaone Mkunazini. Kuna kiingilio na kuna waongozaji wa eneo la soko. Kurudi mpite Minara Miwili, ndivyo Waunguja wanavyoliita kanisa la St. Joseph la upande wao, lililojengwa na Wafaransa miaka ya 1890. Nunueni tiketi ya kurudi kabisa mkiwa bado Dar, hasa siku za sikukuu.